Herufi za Wilbert

Siku Wilbert Karugendo alipofariki, mashine yake iliendelea kukata. Alikuwa ametoka nyuma ya duka kunawa mikono, akaanguka kando ya ndoo, na mle ndani kisu kidogo kikaendelea kwenda na kurudi juu ya karatasi ya stika kana kwamba mwenyewe bado amesimama pale. Renatha, mke wake, alikuwa mezani akibandua herufi za mteja mwingine. Aliisikia ndoo ikipinduka akadhani ni kuku wa jirani. Jioni, aliporudi kutoka hospitali na majirani wamemshika mikono, walipita dukani kufunga mlango. Jina lililokuwa likikatwa lilikuwa limekamilika. Mashine ilikuwa imetulia, taa yake ya kijani inawaka.

Lilikuwa jina la msalaba wa marehemu mmoja wa Kamachumu. Ndugu zake walikuja kulichukua kesho yake, wakampa Renatha pole huku wao wenyewe wakiwa kwenye msiba.

Msalaba wa Wilbert, walipomzika kwenye kibanja cha baba yake, kwenye migomba ya nyumbani huko Kashozi, uliandikwa na seremala kwa brashi. Hakuna aliyejua kuiendesha ile mashine, na mjane siku ya maziko haulizwi mambo ya mashine. Rangi ilikuwa nyepesi. Mvua za Novemba zilipokolea, jina likachuruzika likawa kama machozi ya mtoto mwenye masizi usoni. Kila Renatha alipokwenda kung'oa majani kaburini alijikuta anautazama mgomba wa jirani, hautazami msalaba.

Maana Wilbert alikuwa mtu wa herufi. Duka lao, pale Muleba karibu na stendi, lilikuwa la kutoa kopi na kufunga vitambulisho kwenye plastiki kama maduka mengine yote, lakini kilichomfanya ajulikane ni majina. Namba za ubavuni mwa boti zinazokwenda kisiwa cha Goziba zilikuwa zake. Misalaba ya Muleba mpaka Kashozi, mingi ilikuwa yake. Herufi hakuzinunua wala hakuzikuta kwenye kompyuta; alizichora mwenyewe alipoinunua mashine, akishinda mbele ya kioo cha kompyuta majira yote ya kahawa. R yake ilikuwa na mguu mrefu kidogo, kama mtu aliyeanza kuondoka. Kile kijiti cha katikati ya A alikishusha chini, karibu na miguu. Watu walikuwa wakipita njiani na kusema, "Huyo kaandikwa na Wilbert," bila kusogea karibu.

Matanga yalipoondolewa, ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu. Baba mkubwa Bartholomayo ndiye aliyeongoza kikao, ameketi kwenye kiti cha kukunja, watu wameketi nyasini. Koti likaenda kwa mmoja, baiskeli kwa mwingine, redio kwa shangazi. Walipofika kwenye vitu vya dukani, mzee akakuna kidevu.

"Renatha anabaki na duka, basi achukue mashine. Mugisha ana watoto wanaosoma, achukue kompyuta. Nimemwonea mtu?"

"Hapana, waitu," wakajibu wote kwa heshima. "Umegawa vizuri."

Na kwa macho ya kila aliyekuwepo, aligawa vizuri. Ng'ombe na ndama wake wasingewatenganisha, kila mtu pale aliyajua mambo ya ng'ombe. Lakini mashine ilikuwa kitu kimoja na kompyuta kitu kingine, kila kimoja kina waya wake wa umeme, na hakuna aliyejua kwamba moja bila nyingine ni sanduku tu. Renatha alijua. Aliufungua mdomo, akaona jinsi wazee walivyochoka, akaona giza linavyoingia migombani, akaufunga.

Miezi ikapita. Duka likaendelea kutoa kopi. Mashine ikakaa pembeni imefunikwa kitenge, na mteja wa stika alipokuja alielekezwa Bukoba. Mwaka ulipokaribia kutimia, ndugu wakakubaliana kaburi lijengewe, liwekwe vigae na msalaba wa chuma, na padre aje alibariki siku ya misa ya kumbukumbu. Hapo Renatha alisema jambo moja tu, na alilisema mbele ya wote.

"Jina nitalileta mimi. Kwa herufi zake."

Asubuhi iliyofuata alikwenda Izimbya kwa shemeji yake. Mugisha, mdogo wake Wilbert, alikuwa anaanika kahawa. Alifurahi kumwona, akamwita mkewe alete kiti, akauliza habari za Lilian, binti wa Renatha, shuleni, akauliza habari za Muleba. Renatha alipoitaja kompyuta, Mugisha akatabasamu kabisa.

"Ile? Shemeji, ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Watoto walikuwa wanaiwasha asubuhi inaamka saa nne. Nikapata fundi mmoja pale mjini, nikambadilishia, nikaongeza kidogo. Njoo uone."

Akaleta laptopu nyembamba, ya kijivu.

"Hii ndiyo ile ile ya kaka," akasema. "Imekonda tu."

Renatha aliishika magotini. "Na vitu vilivyokuwa ndani ya ile?"

"Vitu gani?"

"Herufi zake, shemeji. Alizichora. Zilikuwa mle."

Kuku akapanda juu ya mkeka wa kahawa na Mugisha hakumfukuza. Alichukua simu, akampigia yule fundi, akaongea kwa sauti ya chini akielekea nyuma ya nyumba. Aliporudi hakuketi.

"Anasema aliifungua akauza vipande. Kile cha kuhifadhia mambo alikifuta kabla ya kukiuza." Akaipangusa laptopu kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Ichukue, Mama Lilian. Watoto watasoma vitabu."

"Shemeji, si..."

"Ichukue, nakuomba. Usiniache nayo humu ndani."

*

Fundi ambaye Renatha alimwamini alikuwa Farida, mwanamke wa Bukoba mwenye kibanda karibu na soko, aliyekuwa akimuuzia Wilbert wino. Alimpelekea mashine na ile laptopu kwa basi, mashine ameipakata kama mgonjwa. Farida aliifunua kitenge, akainama, akasoma kibandiko cha nyuma, kisha akacheka.

"Mama Lilian, huyu mzee ananizidi umri! Angalia tundu lake. Pini hizi mara ya mwisho nimeziona chuoni, tena ukutani, kwenye picha."

"Atafanya kazi?"

"Yeye hana neno. Tatizo ni huyu mtoto." Aliigusa laptopu. "Huyu anajua USB tu. Hawa wawili hawana lugha moja. Inabidi tuwatafutie mkalimani."

Mkalimani alikuwa waya mfupi, upande mmoja USB, upande wa pili pini. Farida alikuwa nao kwenye kopo. Aliuchomeka. Laptopu ikalia, ikafikiri, ikaleta maandishi kwamba kifaa hicho hakikubaliki tena. Farida akauchomoa, akauchomeka tundu la pili. Maandishi yale yale.

"Waya ni wa bandia," akasema. "Karibu zote mjini ni za bandia. Zamani mfumo ulikuwa haujali, sasa huu mpya unakagua. Inabidi nimpe draiva ya zamani, programu ya kuusomea waya, ile ya kabla hajawa na maringo."

Akatafuta, akafuta, akaweka, akazima, akawasha. Adhuhuri ikaadhiniwa, Farida akafunga kibanda akaenda kuswali, akarudi na chapati mbili na kumkuta Renatha amekaa vile vile alivyomwacha, mikono mapajani. Mchana ulikuwa umeanza kulala pale mashine ilipojibu. Kichwa chenye kisu kilisogea kulia, kikarudi kushoto, kikasimama. Farida akapiga makofi.

"Haya! Wameamkiana. Sasa niambie tuandike nini. Humu ndani kuna herufi za kila namna, chagua unayoitaka."

"Sitaki hizo."

"Dada yangu, zipo nzuri. Ni kaburini, nani ataangalia?"

"Kashozi? Mdogo wangu, watu wa Kashozi wanasoma misalaba kama gazeti. Watasema Wilbert kawaandikia watu wote, yeye kaandikiwa na kompyuta."

Farida aliacha kutafuna. Alifikiri, akafuta vidole kwenye leso.

"Zipo wapi hizo zake, kama zilifutwa?"

"Zipo kwenye makaburi ya watu."

"Basi niletee," Farida akasema. "Weka karatasi nyembamba juu ya herufi, sugua na penseli mpaka ukingo uonekane, piga picha kwa simu unitumie. Mimi nitazifuata ukingo kwa ukingo nizigeuze ziwe mistari ambayo huyu mzee anaielewa. Lakini sugua vizuri. Ukipinda, na mimi nitapinda."

*

Kwa mbali lilionekana jambo la siku moja. Kwenye kila msalaba limo neno ALIZALIWA na limo neno ALIFARIKI, na kwa maneno hayo mawili tu Renatha alikuwa na W yake, I, L, R, A na K. Zilizobaki zingetoka kwenye majina. Lakini kwao makaburi yako migombani, nyuma ya nyumba, na hakuna anayeingia kwenye kibanja cha mtu akapita moja kwa moja mpaka kaburini kama mwizi wa ndizi. Ni lazima ubishe hodi, uketi, utafune akamwani, zile buni kavu anazopewa mgeni kabla ya neno lolote, uulizwe habari na wewe uulize. Na mjane akija kwako kuomba kuliona kaburi la mtu wako, huwezi kumwonyesha bila kumsimulia mtu wako alikufaje.

Kwa hiyo kila herufi ilikuwa msiba mzima.

Alianza kwa mama mmoja mzee, Kemilembe, ambaye mwanawe Nathanieli alikuwa mvuvi Goziba. Boti ilipinduka, wakampata ufukweni baada ya kumtafuta sana.

"Kasinge waitu, mama," Renatha alisalimu akipiga magoti.

"Kasinge, mwanangu. Umekuja na njaa au umekuja na neno?"

Alieleza. Mama mzee alisikiliza mpaka mwisho, akamwongoza migombani. Msalaba ulikuwa mweupe, unang'aa kuliko sahani.

"Unataka zipi?"

"N, mama. Ile T. Na E."

"Utaziondoa?"

"Hapana. Zinabaki hapo hapo. Nasugua karatasi tu."

"Basi sugua polepole," Kemilembe akasema, akaketi kwenye jani la mgomba. "Hapo kwenye T ndipo ninapoanziaga kumwosha."

Kwa mzee Rutaihwa mambo yalikuwa mengine. Mkewe Gaudiosa alikuwa amelala chini ya mbuni wa kahawa wa zamani, na mzee mwenyewe alimfuata Renatha kwa fimbo huku akinung'unika.

"Unakuja kumwibia mke wangu jina?"

"Herufi tu, mzee. G, U, D na O."

"G? Chukua. Alikuwa mnene hivyo hivyo, mbele na nyuma." Alicheka peke yake. Alimshikia karatasi isipeperuke, lakini ikamponyoka na G ya kwanza ikaharibika, wakasugua nyingine. "Mumeo alikuja kuibandika mwenyewe," akasema. "Nikampa mkungu wa ndizi, akasema ni mzito, atachukua nusu. Nani anachukua nusu ya mkungu? Nikamwona ni mtu wa ajabu."

Renatha aliendelea kusugua.

Tarakimu za tarehe alizipata kwenye kaburi la dereva mmoja. B ndiyo iliyomsumbua. Aliipata mwisho kabisa, kwa watu wa Kilutheri wanaokaa bondeni, kwenye kaburi la msichana aliyeitwa Bernadeta. Mama wa msichana alisimama pembeni na kandambili mkononi mpaka kazi ilipokwisha, akaomba aione ile karatasi, akaitazama, akairudisha. Renatha alirudi Muleba siku ile akalala na viatu.

Farida alizichora zote. Alimtumia picha kwenye simu: WILBERT KARUGENDO, kwenye kioo, nyeusi juu ya nyeupe, miguu ya R zote mbili imerefuka. Renatha aliitazama picha akiwa amesimama dukani, mteja anasubiri kopi, na mteja alilazimika kumwita mara ya pili.

Akaenda Bukoba kuchukua mashine na laptopu. Farida alimwonyesha pa kubonyeza, akamfanya arudie mbele yake, akaridhika. Renatha akarudi Muleba, akaviweka vyote mezani, akaamua atakata asubuhi akiwa na akili mpya. Mtoto wa jirani alikuwa ameweka simu yake dukani ichajiwe, na intaneti ya simu ile ilikuwa wazi. Laptopu, iliyokuwa imewahi kuishika siku Renatha alipoileta kutoka Izimbya, ikaishika tena, ikajisasisha yenyewe. Asubuhi alipoiwasha ilimkaribisha kwa maneno matamu, na alipobonyeza alipofundishwa, ikamwambia kwamba kifaa hicho hakikubaliki tena.

Alimpigia Farida.

"Imekula ile draiva ya zamani, imejiwekea mpya," Farida akasema. Alipumua simuni. "Haina nia mbaya. Inadhani inakusaidia."

"Kila mtu ananisaidia," Renatha akasema.

"Misa ni lini?"

"Kesho kutwa."

"Panda basi. Mashine iache, niletee mtoto tu."

Akapanda basi. Farida akafuta, akaweka, akazima, akawasha, kisha akaingia ndani kabisa ya mfumo akakata kila njia ya laptopu kutoka nje. "Usiifungulie tena," akaonya. "Hata mtu akuombe kwa machozi. Ikiona mlango, itatoka, na ikitoka itarudi na mambo mapya." Renatha akarudi kwa basi la jioni, na safari hii hakusubiri akili mpya.

WILBERT ilitoka safi. Kisu kilikwenda na kurudi, na sauti ile, ambayo hakuisikia tangu ile siku, ilimfanya ashike ukingo wa meza. Alisimama hivyo hivyo mpaka T. Kisha akatuma KARUGENDO. K ikatoka, A, R, U, mwanzo wa G, halafu kisu kikaacha njia na kuchora mstari mmoja mrefu kukatiza herufi zote mpaka ukingoni, kama mtu aliyesinzia akiandika.

Akajaribu tena. Kikaacha njia pale pale.

"Ni kumbukumbu yake," Farida alisema kwenye simu, usingizi sautini. "Mzee ana kumbukumbu fupi, na herufi za kuviringana kama G zinaijaza haraka. Zamani alikuwa anaiambia kompyuta, ngoja kidogo, na kompyuta inangoja. Huu waya wa bandia haupeleki hilo neno. Yeye anasema ngoja, mtoto hasikii, anaendelea kummiminia."

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Inawezekana. Usimpe jina zima. Mpe nusu, ameze, umpe nusu."

Renatha akaandika KARU. Ikatoka. Akangoja mpaka kichwa kikarudi nyumbani kwake na kutulia, akaandika GENDO. Ikatoka. Tarehe akazitoa vipande vipande, ALIZALIWA peke yake, ALIFARIKI peke yake, kila kimoja baada ya kingine kumezwa. Akabandua mabaki kwa ncha ya sindano, akaviviringisha vyote kwenye gazeti, akaketi kwenye kiti cha wateja.

Siku ya misa mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kuacha. Alizibandika mwenyewe kabla padre hajafika, Mugisha akimshikia rula. Kati ya KARU na GENDO pana upenyo uliozidi kidogo, wa upana wa ukucha. Mugisha aliuona, akamtazama shemeji yake. Baada ya baraka watu walizunguka kaburi. Baba mkubwa Bartholomayo alisogea na miwani yake, akasoma jina, akalisoma tena.

"Hii ni ya Wilbert," akasema. "Aliiacha ameshaikata?"

"Hapana, baba," Renatha akasema. "Nimeikata mimi, juzi."

Mzee aliikuna A ya kwanza kwa ncha ya kidole, kuona kama itabanduka. Haikubanduka. Watu wakaenda kula.

Laptopu haijarudi Izimbya. Iko Muleba, dukani, na haiunganishwi na intaneti. Wanaohitaji majina wanayaleta yameandikwa kwenye karatasi, na marefu hukatwa vipande viwili. Mtu akitaka kutuma barua pepe, Renatha humwelekeza kwa Salma, duka la ng'ambo ya barabara.